Sanamu Niliyoiongezea Vidole

Karibu maisha yangu yote ya kazi nilitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja mjini Nyeri. Nilimaliza kidato cha nne, nikafundishwa kazi hiyo na mzee aliyenitangulia, na sikuona sababu ya kutafuta nyingine. Mgonjwa aling'ata ujiuji ule wa plasta kule mbele, mimi nikaletewa alama ya ufizi wake ndani ya kisahani cha chuma. Nilimimina, nikachonga kwa nta, nikasugua. Sura za watu wale sikuzijua. Nilijua taya zao.

Katika kazi ile kuiga ndiyo kazi yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuniomba jino ambalo halijawahi kuonekana duniani. Walitaka lifanane na yale waliyokuwa nayo, ila lipendeze kidogo. Jino lililopinda nililinyoosha. Nafasi iliyokuwa wazi niliiziba. Kwa miaka mingi mikono yangu ilifanya hivyo, na watu waliondoka wakicheka kwenye kioo.

Nilipostaafu, mwalimu mmoja wa historia niliyemjua kanisani alinialika mtaa wa Majengo. Alikuwa amekodi chumba kimoja cha juu, nyuma ya msikiti, na kila Jumamosi mchana watu kama kumi walikusanyika pale kucheza vita mezani. Meza ilifunikwa kitambaa cha kijani, vilima vilikuwa vipande vya sponji iliyopakwa rangi, na majeshi yalikuwa sanamu ndogo za urefu wa kidole gumba. Walipima mwendo wao kwa futikamba na kurusha dadu kujua nani amekufa. Walikuwa makarani, walimu, fundi mmoja wa simu. Wote wangeweza kuwa watoto wangu.

"Guka, si wewe ulikuwa unaunda meno?" fundi wa simu aliniuliza siku ya kwanza, akiniita babu kwa Kikuyu na kunionyesha askari aliyevunjika mguu. "Hii mguu inaweza kushikana?"

"Inaweza."

"Basi usimwekee dhahabu. Huyu ni maskini."

Niliushikanisha. Wiki iliyofuata nililetewa wengine sita. Baada ya miezi michache nilikuwa nachonga wangu mwenyewe, kwa ule udongo wa kuchanganya unaokauka kama jiwe, juu ya kiunzi cha waya. Kisha nilitengeneza kalibu ya silikoni, ule mpira laini unaoshika umbo la kitu, nikamimina resini, plastiki ya maji inayoganda, ndani yake na kutoa nakala ishirini. Hakuna aliyekuwa na vifaa vile ila mimi, kwa hiyo sanamu za watu wote zilipitia mikononi mwangu.

Nilichochonga mwanzoni ni kile walichochonga wote. Tuliangalia picha za ng'ambo kwenye simu na kuchonga wazungu wenye kofia za chuma na panga ndefu, mbwa mwitu, wachawi wenye ndevu. Hakuna aliyewahi kumwona mbwa mwitu wa Ulaya. Hatukuona jambo lolote la ajabu hapo, na hata sasa siwalaumu. Mtu hujifunza kwa kufuata mkono wa mwingine.

Kisha akaja yule mama wa Wang'uru. Alikuwa na miaka arubaini hivi, mfanyabiashara wa mchele, aliyekuja Nyeri kila Jumamosi kuleta magunia kwa wateja wake. Alipanda ngazi zile na boksi la viatu kwapani. Ndani mlikuwa na sanamu nne alizochonga mwenyewe. Hawakuwa askari. Walikuwa watu wa kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, wenye makombeo na makopo ya kugonga, matope hadi magotini.

"Sasa hawa watapigana na nani?" karani mmoja akamuuliza. "Na kuku?"

"Wewe hujaona ndege wakishuka kwa mpunga," akajibu. "Hao wazungu yako wa chuma wangetupa panga wakimbie."

Watu walicheka, lakini walisogea. Mmoja wa wale wanne alikuwa mwanamke mzee aliyeinua mkono wa kushoto juu, mdomo wazi, kitambaa cha kichwa kikiteleza. Nimeshika maelfu ya vitu vidogo maishani mwangu. Nilijua mara moja kwamba sitawahi kuchonga kitu kama kile. Sikusikia wivu, kama ninavyokumbuka. Nilijua tu, kama unavyojua mvua imeanza.

Mkono ule ulioinuliwa ulikuwa na vidole vitatu. Nilidhani amekosea. Vidole ndivyo vigumu kuliko vyote, na watu wengi huviharibu.

Aliniachia yule mwanamke mzee nimtolee nakala. Pale chumbani desturi ilikuwa wazi bila mtu kuiandika: nakala zote ni za mwenye kuchonga, na kalibu ikibaki kwangu nimemtunzia tu, kama vile kliniki ilivyotunza taya za wagonjwa kwenye rafu, kila moja kwa mwenyewe. Nilimtolea ishirini zake. Jioni moja nikamimina ya ishirini na moja.

Niliiweka mezani nikaanza kuichezea. Niliongeza vidole viwili. Nilikaza kitambaa cha kichwa, nikamnyoosha mgongo kidogo, nikabadilisha mahali aliposimama, badala ya tope nikaweka jiwe. Sikukaa nikaamua kuiba. Mikono ilifanya kazi yake ya siku zote. Lakini nilipomaliza nilimtengenezea kalibu yake mpya, na hilo mikono haikulifanya peke yake.

Wakati huo kulikuwa na kijana na dada yake huko Nanyuki waliotaka kutoa mchezo wa mezani wa hapa kwetu, kwenye boksi zuri, wenye sanamu zake. Walitafuta mchongaji mmoja tu. Yule mama ndiye aliyeniambia. Tulikuwa tunashuka ngazi za Majengo, akasema akipata ile kazi ataacha kubeba magunia, jina lake liandikwe juu ya boksi, na watoto wake waamini kwamba mama yao hachezei udongo bure. Alilisema hilo la jina mara mbili.

Siku ya kuonyesha kazi tulikuwa sita, ndani ya ukumbi mdogo wa hoteli. Nilikuwa nimepeleka picha zangu mapema, na mwanamke wangu wa ndege alikuwa miongoni mwazo. Yule mama alipofungua boksi lake la viatu, yule dada aliangalia, akaangalia meza yangu, akarudi kuangalia.

"Hii tumeiona," akasema. "Ni ya mzee wa Nyeri. Lakini hii yako vidole hazijakamilika."

"Yangu ndiyo ya kwanza."

"Mama, kila mtu atasema hivyo. Yake tumeipata mwezi uliopita."

Yule mama hakupiga kelele. Alichukua sanamu yangu akaisimamisha kando ya yake. Ya kwake ilikuwa ndefu zaidi, kwa kiasi cha unene wa ukucha. Mtu anayemimina anajua maana yake. Silikoni na resini hupungua zikikauka, na nakala huwa fupi kuliko kilichonakiliwa. Nakala ya nakala hupungua tena. Katika ukumbi ule ni watu wawili tu waliojua hilo.

"Mzee," akaniambia, bila ukali wowote, "wewe ndiye fundi hapa. Waelezee kwa nini yako ni fupi."

Wote walinigeukia. Nilikuwa na jibu, nililijua kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Nilichonga hivyo," nikasema. "Watu wawili wanaweza kuwaza kitu kimoja."

Aliniangalia kwa muda mfupi, kama mtu anayesoma bango ili aone kama amefika mahali penyewe. Kisha akarudisha sanamu zake kwenye boksi, moja moja, akizifunga kwa karatasi. Alimwambia kila mtu kwaheri, hata mimi.

Kazi nilipewa mimi. Jumamosi zilizofuata yule mama hakuja, na habari ilikuwa imefika Majengo kwamba alishikwa akiiga kazi ya guka. Karani alisema, "Ati wazungu wangetupa panga! Kumbe yeye ndiye alitupa haya." Nilicheka nao. Nakumbuka nilicheka, ingawa siwezi kukumbuka nilisikia nini ndani, na sidhani kulikuwa na kitu.

Wale wa Nanyuki waliniomba sanamu nyingine tisa za aina ile. Nilichonga tisa. Wote walisimama wima. Wote walikuwa na nyuso safi na mikono iliyokamilika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya jambo lolote. Yule kijana wa Nanyuki alizitazama kwa heshima akasema labda niende nikaone watu wenyewe.

Kwa hiyo nilienda Wang'uru. Nilitembea kandokando ya majaruba ya mpunga asubuhi yote, nikipiga picha za watu na simu, kisha nikaingia sokoni kutafuta chai. Sikuwa nimepanga kumwona yule mama. Kibanda chake kilikuwa cha pili kutoka barabarani. Hakuwepo. Aliyekuwepo ni mwanamke mzee aliyekuwa akijaza mchele kwenye gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kuusawazisha kwa mkono wa kushoto. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu.

"Karibu baba," akasema. "Hii ni pishori safi. Nusa."

Nikanusa. Nikamuuliza mkono ulipatwa na nini, jambo ambalo mtu hamuulizi mgeni, lakini hakukasirika.

"Mundu. Nilikuwa msichana, nikivuna. Sasa ndege ndio wananijua kwa hii." Akauinua juu, akaupunga, akafungua mdomo kana kwamba anapiga kelele. Meno yake ya juu hayakuwepo. "Msichana wangu alinichonga hivi. Aliniambia, mama, nimekuweka kama ulivyo. Halafu mzee fulani wa Nyeri akamwibia."

"Pole," nikasema.

"Wewe ni wa wapi, baba?"

Nikamwambia Gakindu. Si uongo, nilizaliwa huko. Nilinunua kilo mbili nikaondoka, chai sikunywa.

Jumamosi ya wiki hiyo niliwaambia watu wa Majengo. Nilisimama kando ya meza nikaeleza yote, kalibu, nakala ya ishirini na moja, ukumbini. Mwalimu wa historia aliweka dadu chini. Fundi wa simu akasema, "Aki guka." Karani akasema hiyo ni maneno ya kitambo, na akauliza ni zamu ya nani.

Nanyuki nilipiga simu. Yule dada alisikiliza hadi mwisho, akasema boksi zimeshachapishwa zikiwa na jina langu, na sanamu zipo ndani. Wangebadilisha kwenye toleo lingine, kama lingekuwepo. Nikaomba niende na stika. Akasema haoni ubaya.

Nyeri mjini nilichapisha stika zenye jina la yule mama, nikaenda hadi duka lao huko Nanyuki, nikakaa kwenye stuli nikafunika jina langu kwenye kila boksi lililokuwa kwenye rafu. Ilichukua mchana. Nilipomaliza nilimpigia yule mama simu. Nilidhani ni jambo la kumpigia.

Alinisikiliza. Kulikuwa na sauti ya soko nyuma yake.

"Umeandika jina langu wapi?"

"Kwa boksi. Zote zilizobaki."

"Na ndani ya boksi kuna nani? Yule wako wa vidole tano?"

"Ndiyo."

"Mzee, huyo mimi simjui. Sijamchonga. Usinipe mtu ambaye si wangu." Akamwambia mteja angoje kidogo. "Nachonga wengine. Nimenunua silikoni yangu. Toa hiyo jina leo, usingoje kesho."

Nikamwambia nitaitoa. Akasema haya, akakata.

Muuza duka alikuwa ameanza kufagia. Nilirudi kwenye stuli nikaanza kubandua. Gundi ilikuwa imeshika, na kila stika ilitoka na kipande cha karatasi ya boksi, pamoja na jina langu lililokuwa chini yake, hivi kwamba pakabaki mahali peupe, panaponata. Muuza duka akaniuliza kama alete mafuta ya taa nipanguse.

Nikamwambia aache tu, anisogezee zile za rafu ya juu.