Simu ya Maskati

Wiki jana nilikuwa kortini kwa kadhi huku Kisauni, nimekaa benchi la nyuma. Mwanamke mmoja alikuwa akidai talaka. Mumewe yuko Maskati miaka na miaka, harudi wala hamwachi. Kadhi akaamua kumhoji kwa simu yenye kipaza sauti, sote tusikie.

Salamu zilifika bila taabu. Bwana aliuliza hali ya kadhi, ya karani, ya mama mkwe aliyekaa pale, hata ya mbuzi wake. Kila akijibiwa, "Alhamdulillahi!"

"Sasa bwana," akasema kadhi, "mkeo unamwacha au humwachi?"

"Halo? Halo! Shehe, laini inakatika!"

Akaulizwa tena, kwa sauti ya mwadhini.

"Halo! Sisikii kitu, wallahi!"

Mke akavuta buibui mdomoni, akamnong'oneza mamake: "Basi yule mchumba mwambie angoje."

"Mchumba gani?" simu ikanguruma. "Mchumba wa nani?"

Kadhi akamgeukia karani. "Andika: mume anasikia."

Wanasema iko siku mashahidi wa ng'ambo tutawaona kwenye televisheni. Inshallah. Siku hiyo bwana huyu atapofuka.