Mtama wa Chini ya Gunia

Nikisikia harufu ya mtama na majivu sokoni, namkumbuka baba mdogo, na simfichi: ndiye aliyefunga ghala letu kwa kufuli baba alipokufa. Njiwa wetu wa mashindano walibakia na mtama uliosalia chini ya gunia. Mama aliupepeta, akauchanganya na majivu wadudu wasiule, akauweka kwenye kibuyu. Tuliwapa kidogo kidogo.

"Shemeji, wakishindwa na njiwa wangu nawachinja," baba mdogo alicheka.

"Chemsha maji mapema," mama akamjibu.

Siku ya mashindano, njiwa wote waliachiliwa pamoja kule mji wa Kanyakine. Jike wetu mweusi alitua nyumbani wa kwanza, tukashangilia mpaka majirani wakaja. Wa baba mdogo, walionenepa kwa mahindi ya ghala letu, walifika jua likizama, mmoja akitembea kwa miguu.