Wimbo Uliofunga Mlango

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye mlango wa chekechea ya kambi ya jeshi. Mwalimu amechuchumaa kizingitini, anampokea kila mtoto kwa salamu ya lugha ya kwao. Watoto, wanaomwita Shangazi, humcheka matamshi, naye kwa kawaida hucheka nao. Leo hacheki.

Ukutani kuna misumari thelathini na moja ya kutundikia mikoba. Mmoja hauna mkoba kwa wiki ya tatu sasa. Ni wa Kidoti, binti wa miaka minne.

"Kosa ni langu," Shangazi ananiambia mimi mwandishi kabla sijauliza. "Simsingizii mtu."

Kambini hakuna mwenyeji. Baba akihamishwa, familia hufunga virago, na baada ya miaka miwili hufunga tena. Darasani humu lugha za nyumbani ni tisa, na watoto kumi na wawili baba zao wako operesheni.

Shangazi mwenyewe ni binti wa sajenti, kasoma shule tano. "Nilikuwa nabembelezwa kwa lugha nisiyoijua, nazidi kulia," anasema. Ndiyo maana alikuwa na daftari lenye wimbo wa kila mtoto, wa kwao.

Kidoti alikuja hajui hata neno moja la darasani. Alilia siku nne. Siku ya tano akaanza kujiimbia, taratibu, machozi yakakauka. Shangazi akaudaka wimbo ule na kuufundisha darasa zima, ili mgeni ajione yuko nyumbani. Mama Kidoti alipokuja kumchukua mwanawe, watoto thelathini walimpokea mlangoni wakiuimba.

Kumbe kwa watu wa kwao wimbo ule huimbwa kwa jambo moja tu: kumpokea mwanamke aliyefiwa na mume. Kidoti aliusikia babu yake alipofariki. Mama, ambaye mumewe yuko operesheni, alijua ameletewa habari. Akaanguka palepale.

Mume yu mzima. Alipiga simu siku ya tatu, na kwa siku zote hizo mkewe hakutia kitu mdomoni.

Shangazi alikwenda kuomba radhi. Alijibiwa dirishani.

"Pole ya nini, mwalimu? Mume wangu umeshamlilia akiwa hai. Akirudi salama, tutaongea. Asiporudi, nisikuone."

Sijui nimhurumie nani kwanza. Ofisi ya kambi haikujiuliza hayo; ilipiga marufuku nyimbo za makwao na kulichukua daftari. Sasa watoto wanaimba namba, moja hadi ishirini, na wageni wanalia hadi wachoke wenyewe.

"Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowafundisha," anasema Shangazi, akifuta meza iliyokwisha kufutwa. "Mwenyewe sikuuliza. Mama yake alikuwa anakuja hapa kila siku!"

Ijumaa familia ya Kidoti inahamishwa. Shangazi amebakiwa na siku mbili na ombi moja.

"Mama yake anifundishe wimbo wanaolalia watoto wa kwao. Hata ubeti mmoja. Atakuja mwingine kutoka huko, nisimkosee na yeye. Nitabisha mpaka lori liondoke."

Mchana tunakwenda pamoja. Maboksi yamepangwa barazani, mlango umefungwa.

"Hodi, Mama Kidoti."

Ndani sauti ndogo, iliyomtambua mwalimu wake, inaanza kumwimbia wimbo ule ule.

"Nyamaza!" anafoka mama.

Mtoto ananyamaza. Shangazi anaweka paji la uso kwenye mlango.

"Hodi," anasema tena.