Rafu Iliyolala Upande

Hebu mwone anavyoingia karakana asubuhi. Haingii kama mteja. Anasimama kwanza mlangoni, ananusa vumbi la mbao kama mtu aliyerudi kwao, halafu anafuta viatu ingawa sakafu yenyewe imejaa maranda. Bega la kulia limeshuka kidogo, ndilo lililomstaafisha. Kwapani amebana kipande cha ubao wa zamani kilichovimba kwa unyevu, chenye matundu yaliyopangwa mstari. Mtaani wanamwita Mama Keekee, kwa sababu miaka mingi hakuonekana bila keekee mkononi, akitoboa mbao.

"Shemeji! Umekuja kuniomba kazi?" mwenye karakana akapiga kelele. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wake.

"Kwako? Nikafe njaa?"

Wakacheka. Lakini mama alikuwa na shida ya kweli. Kabati la nyumbani kwake, alilolitengeneza na mumewe walipoanza maisha, lilikuwa limeoza mbavu zote mbili. Alitaka jingine, na alitaka liwe lilelile. Bega halimruhusu tena kutoboa, na shemeji siku hizi hatoboi kwa mkono: anachora kabati kwenye kompyuta, na mashine iliyoko nyuma inakata na kutoboa yenyewe.

"Kaa hapa, uchore mwenyewe," shemeji akasema, akimsogezea kiti. "Mimi nitakuelekeza tu, usije ukasema nimekuharibia."

Kabati likatokea kwenye kioo, jeupe, bila hata alama ya kidole. Mama akashika kipanya kama mtu anayeshika kifaranga. Wakafika kwenye matundu ya rafu, yale ya kuchomeka pini ili rafu ipande au ishuke mwenye nyumba apendavyo. Marehemu aliyapenda sana matundu hayo. Aliwaambia wateja, "Leo una vikombe, kesho una masufuria. Kabati likue na wewe."

Programu ikauliza maswali yake. Tundu likae mbali kiasi gani na ukingo wa mbele? Akajibu. Nafasi kati ya tundu na tundu? Akaweka ubao wake mezani, akapima, akajibu. Halafu ikauliza: kuhesabu kuanzie juu au chini?

Mama akaachia kipanya.

"Na hii nayo imeanza?"

Shemeji akaangua kicheko, maana ugomvi ule ukoo mzima ulikuwa unaujua. Marehemu alihesabu matundu kuanzia juu. Mkewe alianzia chini. Ubavu wa kabati ukiwa na urefu usiogawanyika sawasawa, matundu ya juu-kwenda-chini hayakutani na ya chini-kwenda-juu. Kwa hiyo kila kabati lilianza na mabishano, mmoja akashinda, na kazi ikaendelea.

"Kabati linasimama kwa miguu," mama alikuwa akisema.

"Jicho linaanza juu," mumewe alijibu.

"Ukoo wenu wote mnaanzia juu, kama mvua."

Sasa sikiliza lililotokea kwa kabati lao wenyewe. Walibishana mpaka wakanuniana. Keekee ilikuwa moja, basi wakagawana: mume atoboe ubavu wa kushoto asubuhi, mke atoboe wa kulia jioni, na hakuna wa kumsemesha mwenzake. Asubuhi ile mume, moyo umeshalainika, akaamua kumwachia mkewe ushindi. Akaanzia chini. Hakusema. Jioni mke naye, amechoka kununa, akaamua kumwachia mumewe. Akaanzia juu. Hakusema.

Walipochomeka pini na kulaza rafu, ikalala upande. Wakatazamana. Kila mmoja akaelewa mwenzake alifanya nini, na kwa nini. Walicheka hadi jirani akaja kugonga mlango.

Wangeweza kutoboa upya. "Liache," mume akasema. Toka siku hiyo, chochote cha mviringo kikiwekwa kulia kiliviringika hadi kushoto, kwenye ubavu wa mume. Wakigombana, mmoja alichukua limau akaliweka kwenye rafu bila neno. Limau likienda, na ugomvi ulienda nalo. Wageni walisema kabati lenu limelewa. Wao walitabasamu tu.

"Basi, juu au chini?" shemeji akauliza, kwa sauti ya chini sasa.

Mama akabonyeza *juu*.

"Heh! Kaka yangu angesikia hili!"

"Usimwambie. Ataringa."

Matundu yakajipanga kwenye ubavu wa kulia. Na papo hapo, bila kuguswa, yakajipanga pia upande wa kushoto, yaleyale, kimo kilekile.

"Nani kayaweka hayo?"

"Yenyewe. Ukiweka huku, na kule yanajitokeza. Huna haja ya mtu wa pili."

Mama akautazama ubavu wa kushoto muda mrefu. Zamani ulikuwa na mtu nyuma yake, akiuliza, "Tayari?" naye akijibu, "Tayari."

"Haiwezekani kuzitenganisha hizi mbavu?"

"Inawezekana. Ona hii alama ya vema hapa chini. Ukiitoa, kila ubavu unajitegemea, wa kushoto ukitaka utauanzia chini. Lakini shemeji, mimi nina mashine ya kunyoosha mambo, wewe unaniomba nikutengenezee kabati bovu?"

Mama akausogeza mshale wa kipanya hadi kwenye alama ile. Alimkumbuka binti yake anayeishi naye, aliyemwambia wakati anatoka, "Mama, safari hii rafu ikae sawa. Nimechoka kuokota vikombe." Na binti hakukosea. Ndiye anayeosha, ndiye anayepanga, na vipande vya vikombe ni yeye aliyevizoa. Kabati hili litakuwa lake siku moja.

Nyuma, ubao mpya ulikuwa umeshalazwa kwenye mashine. Shemeji akaenda kuwasha, akarudi, akasimama karibu na kiti, mikono mfukoni.

"Tayari?" akauliza.

Mshale mdogo ulikuwa juu ya ile alama ya vema. Kidole cha mama kilikuwa juu ya kipanya, na ubao wa zamani mapajani. Ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti, alama ile ungeitoa, au ungeiacha?