Nundu ya Baba Neema

Juzi mwanangu aliniuliza maana ya kuli. Kamusi ikasema ni mbeba mizigo, neno lililotoka Uhindini. Puani mwangu likarudi vumbi la mahindi la ghala la mjomba, kule Maisaka.

Baba Neema, kuli wetu, alikuwa na nundu ngumu shingoni, pale magunia yalipokaa. Utotoni niliamini makuli huzaliwa nayo. Alasiri moja mjomba aliwaambia wateja, "Kuli hasikii kitu hapa," akazima sigara yake juu ya nundu ile.

Ikanuka kama kwato za mbuzi zinapobabuliwa. Wateja wakacheka.

"Sijasikia kitu, bosi," Baba Neema akasema, naye akicheka.

Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja, vinachimba vumbi. Nilidhani ametekenywa.