Salamu Zilizojaza Simu

Simu ya kwanza ya mama ilikuwa ya vibonye. Ilibeba ujumbe mchache tu. Ikijaa tulifuta wa zamani, na hakuna aliyelalamika. Kisha ikaja simu ya kioo, na pamoja nayo vikundi vya parokia na vya wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wenzake. Tangu hapo, kabla moto haujawashwa asubuhi, simu ilikuwa imeshapokea maua, vikombe vya chai na video za maombi, vyote vikimtakia mama siku njema.

Nilikuwa nimemaliza darasa la sita na kubaki nyumbani, kwa hiyo simu ikawa kazi yangu. Naandika polepole, lakini kuandika kunanifaa kuliko kusema mbele za watu. Simu ilipojaa tulinunua kadi ya memori. Kadi ilipojaa tukanunua nyingine inayobeba zaidi, ingawa umbo lake lilikuwa lilelile, kama ukucha. Kijana wa kibanda cha kuchaji alituambia sasa tumepumzika. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, kadi hiyo nayo ikajaa. Safari hii alicheka.

"Mama, simu yako haikubali kadi inayopita hii. Uwaambie marafiki wako wakuchukie kidogo."

Mwezi huohuo dada yangu, aliyeolewa Bujumbura, alijifungua. Mpaka wa Kavimvira, kati yetu na Burundi, ulikuwa umefungwa, na mama hakuweza kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Dada akatuma video. Ilikataa kushuka, nafasi haikuwepo.

Nikaanza kufuta maua. Mama akanishika mkono.

"Huyu alinisalimia, na weye unamufuta bila kumujibu? Njiani ungemupita hivyo?"

Basi nikawa najibu kwanza, herufi moja moja, kisha nafuta. Lakini kila niliyemjibu alifurahi, akatuma ua lingine. Nilifanya hivyo mchana kutwa, na jioni simu ilikuwa imejaa vilevile. Shingo iliniuma, macho yakawasha. Kila nilipoinua kichwa, mama aliuliza kama mtoto ameonekana.

Kesho yake nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba siwezi tena. Hakunikaripia. Alikaa kando yangu mkekani, akaniomba nimwonyeshe salamu moja baada ya nyingine. Kila moja aliijibu kwa mdomo, kama anayezungumza na mtu mlangoni: "Jambo, mama. Asante. Kwetu salama." Kisha aliitikia kwa kichwa, nami nikafuta. Waliosalimia hawakumsikia, kwa hiyo hawakurudisha kitu.

Video ikashuka. Dada alikuwa amemshika mtoto mkono, anaupunga mbele ya simu. "Koko, jambo," alimsalimia bibi kwa niaba yake.

Mama akajibu. Akaniambia nirudie, akajibu tena. Aliendelea hivyo mpaka chaji ikaisha, na hata hapo hakuiachia simu. Mimi nikalala palepale mkekani.