Majivu ya Mhamiaji

Wiki iliyopita, hapa mji mdogo wa Mpemba nilipopanga chumba, mtoto wa mwenye nyumba alitapika uani. Mama yake alichota majivu jikoni, akayamwaga juu ya matapishi, akasubiri yanyonye maji, kisha akafagia. Jambo la kawaida kabisa. Lakini ile harufu ya majivu yaliyolowa ilinipanda puani, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, na sikula kitu hadi jioni. Ngoja niwaeleze kisa cha simbilisi, labda mtanielewa.

Kwetu Igamba simbilisi, wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, hufugwa jikoni. Hukimbizana miguuni mwa mpishi wakitafuna maganda ya mahindi, na hakuna anayewaacha wazeeke. Akiugua mtu au akija mgeni, mmoja huingia chunguni. Bibi yangu alikuwa nao wengi tulipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Siku nyumba ilipoezuliwa wote walitawanyika, isipokuwa dume mmoja mwekundu aliyejificha ndani ya kapu la vyungu. Bibi akamwita Mhamiaji, akasema huyo haliwi.

Basi akazeeka. Nilipofika darasa la nne, jicho lake moja lilikuwa limepofuka, linatoka usaha wa njano kama yai viza. Meno yalikuwa yamerefuka na kupinda, hawezi kutafuna. Huko nyuma ndiko kulikuwa na balaa. Kinyesi kilikuwa hakitoki chenyewe tena, kinakwama na kufanya donge laini, jeusi, lenye uvundo uliokaa hadi kwenye ugali. Baba mdogo alikuwa akija kula anampa mgongo.

"Mama, tumle huyu kabla hajatufia."

"Haya, mshike mguu," bibi akamjibu. "Nikuchemshie na mchuzi wake."

Baba mdogo akalisukuma bakuli lake mbali, bibi akacheka hadi akakohoa.

Kazi ya kumtunza nilipewa mimi. Kila asubuhi kabla ya shule nilitafuna majani ya maboga hadi yalainike, nikayatema kiganjani, naye akayalamba na ule ulimi wake mkavu. Bibi hakuwa na meno ya kuifanya kazi hiyo. Kisha nilichukua maji ya vuguvugu na kitambaa, nikalitoa lile donge.

"Tumia kidole, mama," bibi aliniambia. "Kidole kina macho, kitambaa hakina."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, akinitazama usoni. Mimi nilidhani anakagua kazi.

Shuleni nilijinusa vidole mpaka mwalimu akaniuliza nimeficha nini kwenye kucha. Nilijiosha kwa mchanga, kwa majani ya limau, lakini harufu ilikuwa pale pale, au nilidhani ipo. Hata leo sina hakika. Mwishowe nikapata njia. Nyumbani kila uchafu tuliumwagia majivu, wa kuku, wa mtoto, wa mlevi. Kwa nini si huu? Bibi alipotoka kwenda shamba la kijiji, nilichota majivu konzi moja, nikamwaga huko nyuma kwa Mhamiaji, akaonekana mkavu na safi. Nilifanya hivyo siku nne.

Siku ya tano bibi alimgeuza. Majivu yalikuwa yameganda kama lipu ya ukuta. Alipoyabandua kwa ukucha, chini yake funza walikuwa wakichemka kama wali jikoni. Nilijiziba pua. Bibi hakunigombeza. Alimpakata, akawatoa mmoja mmoja kwa kidole, na kabla ya adhuhuri Mhamiaji akamfia mapajani.

"Kumbe unaona kinyaa sana, mama."

"Hapana, bibi," nikajibu, mkono ungali puani.

Miaka miwili baadaye bibi alihamishia kitanda chake jikoni, akisema anasikia baridi. Nguo zake alifua mwenyewe. Nikikaribia kitanda aliniambia, "Nenda kasome, mama," nami nilienda, tena kwa furaha. Alipofariki, wanawake waliomwosha walitoka wakinong'ona. Alikuwa na kidonda mgongoni, cha siku nyingi. Chini ya kitanda palikuwa na debe la majivu, na sakafu imefunikwa majivu, yametandazwa vizuri.

"Kwa nini hakusema?" mama yangu aliuliza, akimuuliza kila mtu.

Mimi nilifikiri majivu yale ni ya kuzuia funza wa miguu. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nimelala macho wazi kama kawaida yangu, usiku niliponyanyuka kitandani kwa kuelewa. Bibi alikuwa amejifunza kwangu. Labda nakosea. Labda angemficha mtu yeyote kidonda kile. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naye nyumbani, na uso wangu alikuwa ameusoma kila asubuhi.

Jana yule mtoto alitapika tena, safari hii kifuani mwake. Mama yake alikuwa sokoni. Nilipasha maji, nikamwosha kwa kidole, shingoni, nyuma ya masikio. Kinyaa hakijaniisha. Nadhani sikukunja uso. Sijui. Yeye ndiye aliyekuwa akinitazama.